Mwanamke wa Kiingereza Nyuma ya Pazia

Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, maana nikianza kusimulia huku mtu anakohoa kicheko pembeni sitafika mwisho, na mwisho wake ndio unaonipa ujasiri wa kuitoa aibu hii hadharani. Mimi, Rehema, mwalimu wa kompyuta, niliyesomeshwa nikasomeka, nilimwita baba mkwe wangu kitisho. Kwa Kiingereza, tena kwa spika kubwa za kukodi, mbele ya mchungaji na kwaya nzima na ukoo wote wa mume wangu, siku ambayo watu walikuja kumshukuru yeye huyohuyo mzee. Kusema kweli si mimi niliyesema, lakini nendeni mkawaeleze wale bibi waliokuwa wamekaa mbele.

Mimi ni mtoto wa Korogwe. Nilipopangiwa kazi Rungwe nilishuka Tukuyu na ndala na kitenge chepesi, mvua ikanikaribisha palepale stendi (mvua ya huku haibishi hodi), na mwalimu mmoja wa fizikia aitwaye Lusekelo akaniazima koti lake. Koti hilo sijalirudisha hadi leo kwa sababu niliolewa na mwenyewe.

Kabla sijaingia kwenye ule ukoo, wifi yangu Tumpe aliniketisha jikoni akanipa darasa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana, yaani mke wa mwana, hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, na akimsikia anakuja anampisha njia. Siku hizi wengi wamelegeza, pale mjini utamkuta mkamwana na mkwe wake wanagombania rimoti kwenye kochi moja, ila Mzee Ambakisye, baba mkwe wangu, hakulegeza kitu.

"Usidhani hakupendi, wifi," Tumpe aliniambia. "Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Ukiwa na neno naye mwambie mama, mama atamfikishia."

Sasa mnajua mgeni akipewa mila, anaishika kuliko wenye mila. Wenzangu wa pale waliinamisha vichwa wakapita pembeni, basi, yameisha. Mimi nilikuwa nakimbia. Siku moja nilimwona mzee anakuja kwenye kile kinjia cha mashamba ya chai, nikaruka mtaroni na kapu la ndizi, nikajifunika kitenge, nikatulia huku maji yananipita kiunoni. Yeye akapita, akakohoa kidogo, akaendelea na safari yake, nami nikajipongeza kwamba hakuniona.

Lakini ndani ya moyo jambo lilikuwa linaniuma, nalisema wazi. Nilitamani mzee yule anifahamu. Mwenyewe nimefiwa na baba nikiwa mdogo, nilipoolewa nikadhani nimepata mwingine, kumbe nimepata wa kumkimbia. Nilitaka siku moja tu ajue kwamba kile kitenge kinachorukia mtaroni kina mtu ndani.

Nafasi ikaja. Mzee alikuwa anang'atuka kuongoza kwaya ya kanisa baada ya miaka mingi, watoto wake wakaandaa shukrani pale nyumbani, turubai likafungwa, mchungaji akaalikwa, ndizi zikamenywa kama vile Rungwe nzima inakuja kula. Mzee mwenyewe aliomba kitu kimoja: siku hiyo sauti ya marehemu mama yake isikike. Bibi huyo alirekodiwa na Lusekelo kwa simu, asubuhi moja katika masika yake ya mwisho, akiimba wimbo wa kanisa kwa Kinyakyusa. Simu ile baadaye ilitumbukia chooni (simu za huku zinapapenda sana chooni), na sauti ikabaki kwenye flashi moja tu, ambayo mzee aliifunga kwenye leso, akaitia kwenye kikopo cha kahawa, akaweka chini ya mto. Haikuwahi kutoka ndani ya nyumba ile isipokuwa siku moja alipoipeleka steshenari ya Bulyaga, apate kumsikia mama yake kwenye spika kubwa, halafu akarudi nayo mfukoni amefurahi.

Kazi ya picha na sauti nikapewa mimi. Mama mkwe alipokuja kuniambia nilimkumbatia hadi akashangaa.

Hapa lazima niseme kuhusu antivairasi, maana ndiyo iliyonifikisha pale. Mimi na virusi vya kompyuta tuna ugomvi wa siku nyingi. Mwalimu mwenzangu aliwahi kuchomeka flashi yake kwenye mashine ya ofisi na mitihani yote ya muhula ikageuka vijialama visivyofunguka, tukatunga upya usiku na mchana, na tangu siku hiyo hakuna flashi inayopita mkononi mwangu bila kukaguliwa. Darasani huwa nawaambia watoto kwamba antivairasi ni kama mbwa wa nyumbani: inakamata mwizi kabla hajaingia, inabweka ukitaka kufungua barua za matapeli, inalinda neno lako la siri, lakini pia inakula (bando lako lote linaishia kwenye chakula chake), inaifanya laptopu kongwe itembee kama imebeba gunia, ile ya bure inakuombaomba ununue ile ya kulipia katikati ya kazi, na kuna siku inamng'ata mjumbe ikidhani ni mwizi. Watoto huandika yote hayo kwenye mtihani na mimi nawapa vema. Kuyajua na kuyakumbuka siku ya tukio ni mambo mawili.

Basi wiki ile nilikuwa nimeweka antivairasi mpya, na hiyo mpya ilikuwa inaongea. Ikimaliza kujisasisha inasema, ikikamata kirusi inasema, sauti ya mwanamke, Kiingereza cha puani, haina wasiwasi wowote. Lusekelo aliisikia mara moja tu.

"Mke wangu, izime hiyo sauti kabla ya shughuli."

"Nitaizima."

Sikuizima. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kuliko punje ya mtama, wa kubonyeza mahali pamoja tu, na sikubonyeza kwa sababu nilikuwa nimeanza kumpenda yule mwanamke. Kwenye boma ambalo mimi napita kwa kunyata, kulikuwa na mwanamke anayeongea kwa sauti bila kumwogopa mtu, na alikuwa anatoka kwenye laptopu yangu. Niliona raha.

Siku ikafika. Tumpe alifunga kamba barazani akatundika vitenge viwili, nikakaa nyuma ya hilo pazia na laptopu yangu, nyaya zikapita chini kwenda kwenye spika na projekta. Hivyo ningeendesha shughuli nzima bila mkwe kuniona wala mimi kumwona (nilikuwa nachungulia kwenye upenyo, lakini hilo lisiwasumbue). Picha zikapita vizuri sana. Mzee akiwa kijana ana afro, watu wakacheka. Mzee na kwaya wamevaa majoho, wakapiga vigelegele. Mimi huko nyuma nilikuwa natabasamu peke yangu.

Mchungaji akaomba, akasema amina, na mama mkwe akaingia kwangu na kile kikopo amekishika kwa mikono miwili.

"Baba yenu anasimama kusalimia," akaninong'oneza. "Akimaliza, bibi aimbe."

Kwa hiyo mzee alipoinuka, mimi nikachomeka. Alisimama wima, akavuta koti lake la suti, akasafisha koo, turubai lote likanyamaza hadi mvua ikasikika, na spika zote mbili zikapaza sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza: tahadhari, kitisho kimegunduliwa.

Na pengine lingepita hivihivi, wazee wangedhani ni redio imeingiliana, kama si Baba Mdogo Anganile, mdogo wake mzee, aliyefundisha Kiingereza mpaka akastaafu na tangu hapo hajapata mtu wa kuongea naye. Alisimama kuwatafsiria wale bibi wa mbele, kwa nia njema kabisa.

"Anasema tutahadhari," akatangaza. "Anasema ametambua kitisho."

"Nani anasema?" bibi mmoja akauliza.

"Mwanamke. Sauti imetokea kwa mkamwana, kule nyuma."

Niliona kwenye upenyo vichwa vyote vikigeukia pazia. Mniwazie hapo: mkamwana ambaye hata chafya hatakiwi kupiga mkwe akasikia, amejificha nyuma ya kitenge, mkwe amesimama tu, naye anatahadharisha umma. Nilitaka kupiga kelele kwamba si mimi, lakini kupiga kelele ni kutoa sauti mbele ya mkwe, na kutoka nje ni kumwonesha uso, kwa hiyo nikabaki nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mzee, kwa mshangao, akakaa taratibu kwenye kiti chake.

Alipotua tu, spika zikasema: kitisho kimeondolewa.

"Anasema sasa kimeondoka," Baba Mdogo akatafsiri.

Kwaya ndiyo iliyoanza, ile safu ya sauti ya nne, mabega yao yakawa yanatikisika wameinamia vitabu vya nyimbo. Mimi nikaizima sauti yote ya laptopu, nikajisemea haidhuru, bibi akiimba watasahau, nikaifungua flashi.

Ilikuwa tupu. Nikaichomoa, nikaichomeka, nikaifungua tena, ikawa tupu vilevile.

Mama mkwe akainua pazia. "Mbona bibi haimbi?"

"Mama, hayumo."

"Hayumo? Amekwenda wapi?"

"Nadhani antivairasi imemfuta," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka, maana sikumwona tena mkwe wala aibu, nilimwona mtoto anayelala na sauti ya mama yake chini ya mto, na mimi ndiye niliyeipoteza, na hata kuinakili kwanza, jambo ninaloimbia wanafunzi kila siku, sikufanya.

Mama mkwe akamnong'oneza Tumpe, Tumpe akamnong'oneza shangazi, na mnajua neno likinong'onezwa kwenye shughuli linavyofika haraka. Nikasikia bibi wa mbele akisema kwa uchungu, "Jamani, filusi imemla mama yake Ambakisye." Hapo nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbilia migombani, nikachuchumaa nyuma ya mgomba mnene, mvua ikaninyeshea, nami nikalia kwa kwikwi nikipanga namna nitakavyorudi Korogwe bila kuaga.

Huko nikawasikia wananitafuta. Lusekelo anaita, Tumpe anaita. Mtu akasema labda nimeshaondoka, wengine wakaanza kubishana kama kuna gari muda ule. Ndipo nikasikia sauti ambayo haikuwahi kunitaja hata mara moja tangu niolewe.

"Hajaondoka," alisema Mzee Ambakisye. "Amejificha tu. Huyu namjua, hujificha mpaka mtaroni na kapu la ndizi. Yupo hapohapo karibu, ninyi ndio hamuoni."

Nikanyamaza kulia. Kwanza kwa kujua kwamba siku ile ya mtaroni aliniona, na siku zote alikuwa ananiona, nikatamani mgomba unimeze. Kisha lile neno likanigonga kichwani. Hajaondoka, amejificha tu. Jamani, si ndivyo kilivyo kirusi kile? Si ndicho ninachowafundisha watoto wa kidato cha pili? Kinaingia kwenye flashi, kinalificha folda la kweli, kinaweka la uongo mahali pake ili ubonyeze lile la uongo. Antivairasi ikija inaliua la uongo na kujisifu kwa sauti, lakini la kweli hailitoi mafichoni. Bibi alikuwemo muda wote, na kirusi kilimficha kule steshenari ya Bulyaga.

Nilitoka migombani mbio, ndala moja imebaki kwenye tope. Njia fupi ya kwenda barazani ilipita katikati ya turubai, nikapita katikati ya turubai, kitenge kichwani kama mtu anayekimbia mvua, nikampita mchungaji, nikaipita kwaya, na nilipofika barazani mguu ukanasa kwenye waya wa spika, nikajishikiza kwenye pazia, na pazia na kamba yake na mimi tukaenda chini pamoja.

Nilipoinua uso nilikuwa nimepiga magoti mbele ya laptopu, tope hadi kwenye nyusi, bila kitenge cha kunisitiri, na Mzee Ambakisye yuko pale, hatua chache tu. Watu wote wakaguna. Niliinamisha kichwa nikasubiri dunia iishe.

Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Mzee alikuwa amesimama, akakishika kiti chake, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta wa nyumba na kuipa shughuli yake mwenyewe mgongo. Ananipisha njia. Baba Mdogo Anganile alipoona vile naye akageuza kiti, na wazee wote wa safu ile wakageuza viti vyao kimoja kimoja, mchungaji akatazama kulia na kushoto akaona bora na yeye ageuke, na ikawa meza kuu yote imekaa kama watoto waliopewa adhabu.

Nikaenda kwenye sehemu ya kuonesha mafaili yaliyofichwa, nikabonyeza, na folda likatokea, rangi imefifia kidogo kama mtu aliyetoka kulala. Safari hii sikukimbilia. Nilimnakili kwanza bibi kwenye laptopu, watu wote wananisubiri, kile kimstari kinajaa polepole, Lusekelo ananipepea sijui kwa nini na kuna baridi. Kilipojaa, nikapandisha sauti yote juu.

Bibi akaimba. Sauti nyembamba, inakwama kidogo kwenye pumzi, jogoo anawika nyuma yake. Alifika ubeti wa pili akakatisha ghafla akasema kwa Kinyakyusa, kwa ukali (Tumpe ndiye aliyenitafsiria baadaye), "Ambakisye, funga mlango, kuku wanaingia," kisha akaendelea na wimbo pale alipoishia. Watu wakaangua kicheko, mzee mabega yakatikisika, na kwa kuwa alikuwa ameelekea ukutani sikujua kama anacheka au analia, nikadhani vyote. Kwaya ikaudaka wimbo, wakaimba pamoja na bibi mpaka mwisho.

Watu wakawa wanafuta macho. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepandisha sauti yote juu, nikamsikia yule mwanamke wa Kiingereza akimaliza ukaguzi wake na kutangaza kwa utulivu: sasa uko salama.

"Anasema sasa uko salama," Baba Mdogo akaitafsiria meza kuu, bado ametazama ukuta.

"Ndaga fijo," Mzee Ambakisye akamjibu. Ahsante sana. Turubai likapasuka kwa kicheko, na mimi nikacheka na kulia pale sakafuni hadi nikapaliwa.

Tangu hapo nimejiwekea viapo. Flashi ya mtu nanakili kwanza kilichomo, kwa namna yoyote ile, ndipo maneno mengine yafuate. Antivairasi ikisema imesafisha nakagua mwenyewe imesafisha nini na imeacha nini, maana hairudishi kila ilichokuta kimefichwa. Na bibi sasa anaishi sehemu tatu, kwenye flashi, kwenye laptopu, na kwenye simu ya Lusekelo ambayo imepigwa marufuku kuingia chooni. Kiapo cha kuizima ile sauti nilikitoa pia, hadharani, mbele ya mchungaji.

Ila juzi nilikuwa peke yangu nyumbani kwa wakwe, nasahihisha daftari, nikasikia kikohozi nje ya dirisha. Nikainama haraka chini ya meza. Mkono ukaweka kikopo cha kahawa kwenye kizingiti cha dirisha, na sauti ya mzee ikasema taratibu, "Mama Lusekelo, mwambie yule mwanamke wa Kiingereza amwangalie mama yangu kama hajambo."

Mama Lusekelo, yaani mama mkwe wangu, alikuwa sokoni Tukuyu tangu asubuhi, na mzee ndiye aliyemsindikiza barabarani.

Nilikaa pale chini ya meza. Kisha nikachukua kikopo, nikachomeka flashi, tukasubiri, yeye nje na mimi ndani, hadi yule mwanamke aliposema hakuna kitisho chochote.

"Mama Lusekelo," nikasema kwa sauti, ndani ya nyumba isiyo na Mama Lusekelo, "mwambie baba hajambo."

Halafu kikohozi kile, nami nikajua anacheka. Basi ndiyo maana, nawaomba radhi mchungaji na wote mlioshuhudia kiapo, sauti sijaizima.